Nilipanda vilima vya Ireland, nikawakuta mama zetu



Juma tatu zilizopita ukurasa huu ulitoka bila mimi, na wengine wenu mlituma watoto nyumbani kuuliza kama niko mgonjwa. Aksanti kwa kunikumbuka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeenda kumwona binti yangu na wajukuu huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Nimerudi na magoti yanayouma, na viatu vyenye udongo usio wa Bukavu. Nimerudi pia na habari moja ambayo sitaki ibaki kwangu peke yangu.

Habari yenyewe inaanza na maneno ya mtoto. Mjukuu wangu wa kike ana miaka 9. Mwalimu wao aliomba kila mtoto aseme kidogo juu ya nchi ya wazazi wake. Zamu yake ilipofika, akasimama, akasema: "Kongo ni nchi ya vita. Watu wengi wanakufa huko." Kisha akaketi. Binti yangu aliponieleza hayo, nilinyamaza kwa muda mrefu. Mtoto hakusema uongo, na sisi tunaobaki hapa tunalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mtoto akijua mambo mawili tu juu ya watu wake, na yote mawili ni kifo, akikua atajivunia nini?

Siku ya posho iliyofuata, binti yangu akaniambia: "Mama, vaa viatu vya kufunga na koti la mvua. Leo tunaenda kupanda vilima."

Nilicheka. Hapa kwetu mama akipanda kilima ana sababu: makala, muhogo, maji, au mtoto mgonjwa wa kupeleka kwenye kituo cha afya. Kamba iko kwenye kipaji cha uso, shingo imekaza, na macho yanatazama chini. Mama akionekana anapanda mlima mikono mitupu, majirani watauliza kama amegombana na bwana yake. Huko nimeona wamama wa miaka 70, na fimbo mbili mkononi, wanapanda siku ya mapumziko kwa kutaka kwao. Wanasema ni dawa ya moyo, ya presha na ya upweke. Binti yangu ana kikundi cha wamama anaotembea nao mara moja kwa mwezi. Kila mmoja huja na chakula chake na chai katika chupa. Anayechoka anangojewa, hawamwachi nyuma.

Mabonde tisa

Kutoka Belfast tulifuata barabara ya pwani kwenda kaskazini. Barabara hiyo ilichongwa chini ya miamba katika miaka ya 1830. Mkono wa kuume ni bahari, karibu sana hata unadhani maji yataingia kwenye gari. Mkono wa kushoto mabonde yanafunguka moja nyuma ya lingine, ya kijani kibichi, yamegawanywa kwa kuta za mawe na kujaa kondoo. Wenyeji wanahesabu mabonde tisa, na nchi hiyo wanaiita Glens of Antrim. Neno "glen" ni bonde, na limetoka katika lugha ya zamani ya Ireland. Leo watu wa huko karibu wote wanasema Kiingereza nyumbani. Lakini vilima, mito na vijiji bado vinaitwa kwa lugha ya wakoko wao. Lugha karibu itoke midomoni mwa watu, lakini kwenye ardhi ilibaki.

Juu ya kijiji cha Cushendall tulionyeshwa mlima wa mita 402, jina lake Tievebulliagh. Wakati watu walikuwa hawajajua chuma, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, walikuwa wanatoa katika mlima huo jiwe gumu la rangi ya majivu na kulichonga kuwa shoka. Shoka za mlima huo zimeokotwa mbali, hata kusini ya Uingereza ng'ambo ya bahari. Mtu mmoja alibeba, akabadilishana na mwingine, na huyu na mwingine tena. Nilifikiri juu ya wadada wetu wanaovuka ziwa na mizigo yao. Biashara ya kupita mipaka haikuanza jana.

Tulifika Ballycastle, mji mdogo wa bahari, tukawakuta wamama wa kikundi wanangoja. Nyuma ya mji kuna mlima Knocklayd, mita 514. Niliwaambia kwamba sisi tunalala, tunapika na kufua nguo kwenye mita karibu 1,500, kwa hiyo mlima wao kwetu ni mtoto. Walicheka sana. Saa mbili baadaye, mimi ndiye niliyekuwa nahema, na wao ndio walikuwa wanacheka tena.

Mama aliyetaka kukanyagwa

Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa pale. Kwanza alitupeleka Bonamargy, pembeni ya mji. Ni makao ya watawa Wafransisko yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 15. Paa limekwisha kwenda, kuta zimebaki, na majani yanaota kwenye madirisha. Hakuna aliyetutoza pesa mlangoni. Serikali inatunza kuta, na watu wanaingia kwa heshima.

Karibu na mlango wa kanisa kuna jiwe fupi lenye tundu, mfano wa msalaba wa mviringo. Linaonyesha kaburi la mwanamke aliyeitwa Julia MacQuillan, ambaye aliishi humo katika karne ya 17 katika sala na upweke. Watu wanamwita mtawa mweusi, kwa ajili ya mavazi yake. Wanasema yeye mwenyewe aliomba azikwe mlangoni, kusudi kila anayeingia amkanyage, kwa unyenyekevu.

Mjukuu wangu aliposikia hivyo akaruka juu ya jiwe asilikanyage. Mimi pia nilipita pembeni. Kwetu nani atamkanyaga mama? Lakini Mwalimu alisema neno lililonifanya nifikiri: mabwana wenye ngome walizikwa pale ndani, na wageni hawawaulizi. Yule aliyelala mlangoni, kila mgeni anauliza jina lake.

Ziwa, kisiwa na watoto wa Lir

Kutoka hapo tulienda kwa gari hadi Fair Head, uwanda ulio juu ya mwamba wa bahari. Mwamba huo unashuka wima karibu mita 200. Njia inapita katika mashamba ya watu, na mwenye shamba ameweka alama za kuonyesha pa kupita. Sheria ni chache: funga kila mlango uliofungua, usisumbue kondoo, usiache takataka. Udongo ulikuwa mwepesi kama bugali uliozidi maji. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili wamama watatu waliniinua kwa pamoja, na hakuna aliyejifanya hakuona.

Juu huko kuna ziwa dogo, na katikati ya ziwa kuna kisiwa cha mviringo kilichozungushiwa ukuta wa mawe. Kisiwa hicho hakikuumbwa hivyo, watu wa zamani walikitengeneza kwa mikono. Walibeba mawe wakayatia majini mpaka yakatokea juu, wakajenga makao yao hapo ili adui na mnyama mkali wasiwafikie usiku. Nilimwuliza Mwalimu ni wababa tu waliobeba mawe hayo. Akanitazama akasema: "Mama, wewe unafikiri nini?" Hatukuhitaji kuendelea.

Tulikula tukiwa tumeketi nyuma ya ukuta kwa sababu ya upepo. Mbele yetu kulikuwa na kisiwa cha Rathlin, na ng'ambo nchi ya Scotland, ambayo pale bahari inapokuwa nyembamba iko kama kilometa 20 tu. Mmoja wa wamama alitoa mwani mwekundu uliokaushwa, wanaouuza sokoni mjini, hasa wakati wa soko kubwa la mwisho wa mwezi wa nane. Una chumvi na harufu ya bahari, na unatafuna kama sambaza kavu. Mjukuu wangu alitema. Mimi nilimaliza, kwa adabu.

Pale ndipo nilisikia hadithi ya watoto wa Lir, ambayo kila mtoto wa Ireland anaijua. Lir alifiwa na bibi yake, akabaki na watoto wanne, binti mkubwa Fionnuala na wavulana watatu. Akamwoa ndugu wa marehemu, jina lake Aoife, kusudi watoto wapate mama wa damu yao. Wivu ukamwingia Aoife, akawageuza watoto kuwa bata maji, wale weupe wenye shingo ndefu. Waliteseka miaka 900 katika maji matatu, na miaka 300 ya katikati ilipita kwenye bahari ile tuliyokuwa tunaitazama. Ilikuwa ndiyo ya baridi zaidi. Usiku wa barafu Fionnuala aliwaweka ndugu wawili chini ya mabawa yake, na wa tatu chini ya manyoya ya kifua.

Wamama, mimi nilifikiri juu ya mabinti wetu wakubwa. Ni wangapi katika mitaa yetu waliokuwa mama wakiwa na miaka 11 au 12, mgongoni mdogo mmoja, mkononi mwingine, na shule ikaishia hapo? Tunawasifu kwamba wana akili ya nyumba. Hadithi ya Lir haisemi kwamba Fionnuala alipenda baridi. Inasema hakukuwa na mtu mwingine wa kuwafunika.

Murlough: mahali alipotaka kulala

Saa za nyuma ya mchana tulianza kushuka Murlough, ghuba iliyofichwa chini ya vilima. Njia ni kali, inapinda na kupinda. Pembeni kuna tanuru za zamani za kuchomea chokaa, miti iliyoinamishwa na upepo, vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Chini kabisa, karibu na maji, kuna mabaki ya kanisa dogo sana, Drumnakill, maana yake mgongo wa kilima wenye kanisa. Ni kuta za mawe chache tu, na majani.

Mbele ya kufika chini, Mwalimu alisimama kwenye kitako cha saruji kando ya njia. Zamani kilibeba msalaba, na msalaba huo hauko tena. Akanigeukia mimi, si wengine, akaniuliza: "Kwenu mnamjua Roger Casement?"

Nilikuwa nimelisikia jina zamani, shuleni, likapita. Basi sikilizeni, kwa maana habari hii ni yetu.

Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka 9, baba yake alipokufa alikuwa na 12. Alilelewa na jamaa za baba yake katika nyumba iliyo karibu na Ballycastle, na vilima hivi ndivyo alivyopanda akiwa kijana yatima. Mwaka 1884 alifika Kongo kutafuta kazi, akakaa miaka mingi. Baadaye akawa konsuli wa Uingereza huko Boma, wakati nchi yetu ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa pili, mfalme wa Ubelgiji.

Mwaka 1903 alipanda mto Kongo hadi upande wa Equateur, kuona mwenyewe namna mpira, ule utomvu wa porini, ulivyokuwa unatafutwa. Hakuketi na wakubwa tu. Aliingia vijijini, akauliza, akaandika. Katika kijiji kimoja aliwakuta walinzi wa kampuni wamefunga wanawake 15. Watano walikuwa na watoto wachanga, na watatu walikuwa na mimba. Akauliza kwa nini wanafunga wanawake na si wanaume. Jibu lilikuwa wazi: wanaume wakifungwa, nani atatafuta mpira? Wake wakifungwa, mabwana zao wataleta mpira haraka kusudi wapate kuwarudisha nyumbani.

Aliandika pia maneno ya wasichana waliokimbia vita vya mpira wakiwa watoto. Walisema nani aliuawa, mkono wa nani ulikatwa, wao walijificha wapi na walikula nini porini. Hawakuwa na mlinzi. Waliyemshitaki alikuwa na bunduki, naye alikuwa bado jirani. Walisema hata hivyo.

Ripoti ilitangazwa London mwezi wa pili mwaka 1904. Mwaka huohuo mama mmoja mmisionari, Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga huko Baringa picha ya baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vitu pekee alivyobaki navyo. Maneno ya ripoti na picha zile vilizunguka Ulaya na Marekani. Watu wakapiga kelele, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachilia Kongo. Kazi za nguvu hazikuisha siku hiyo, ikaja serikali ya kikoloni na mateso yake. Lakini mfalme mwenye utajiri na majeshi alipoteza nchi, na katika mambo yaliyomwangusha kulikuwa na maneno ya wanawake na wasichana wa Kongo.

Casement mwenyewe aliishia vibaya. Baada ya kuona utawala wa nguvu kwa wengine, aliutazama ule wa nchi yake pia. Alitafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Waingereza wakamkamata, wakamhukumu kama msaliti, wakamnyonga London tarehe 3 Agosti 1916. Mbele ya kufa aliomba mwili wake uletwe hapa Murlough, kwenye makaburi ya kanisa lile dogo. Hawakumpa. Mwaka 1965 Uingereza ilikubali mifupa yake irudi Ireland, lakini kwa sharti kwamba isiletwe upande wa kaskazini. Yuko Dublin. Hapa pamebaki kitako cha saruji, na watu wanaosimama na kusimulia.

Nilisimama pale mvua ikinyesha, kilometa maelfu kutoka nyumbani, na watu wasionijua wakinieleza habari za mama zetu. Niliona haya kidogo, nawaambia kweli. Wao wamelinda habari hiyo kwa sababu ya kijana wao. Sisi tumeilinda kwa sababu ya nani?

Mjukuu wangu alikuwa amesikiliza kimya, kofia ya koti imemfunika mpaka macho. Akauliza: "Koko, hao wasichana waliitwa nani?"

Nikamtazama Mwalimu. Akasema Casement aliyaandika majina. Lakini ripoti ilipochapishwa, wakubwa wa London waliyaondoa na kuweka herufi tupu mahali pake, kama vile mtu anavyohesabu magunia. Casement alikasirika sana juu ya jambo hilo.

"Kwa hiyo mtu mbaya ana jina," mtoto akasema, "na mwandishi ana jina, na wao wana herufi?"

Sikuwa na la kumjibu. Tukashuka mpaka kwenye kanisa, tukaketi juu ya mawe, tukamaliza chai.

Wamama wa mwaka 1904

Tulipokuwa tunapanda kurudi kwenye gari, Mwalimu alinisimulia jambo lingine, nalo ndilo nililolileta kama zawadi yenu. Mwaka uleule 1904, katika mabonde yale, lugha ya zamani ilikuwa inakufa. Wazee waliojua nyimbo na hadithi walikuwa wachache, na watoto walikuwa wanaona haya kuisema. Wanawake wachache wakakaa pamoja na wanaume wachache, Casement akiwa mmoja wao, wakaanzisha sikukuu ya mabonde, Feis na nGleann: nyimbo, michezo, kazi za mikono, mashindano ya lugha. Ya kwanza ilifanyika mwezi wa sita mwaka 1904.

Kati ya wanawake hao alikuwamo Rose Young, ambaye baadaye alikusanya mashairi ya lugha hiyo katika vitabu vitatu. Alikuwamo Margaret Dobbs, aliyekuwa mwandishi wa chama hicho na mtafiti wa maandiko ya kale. Alikuwamo Ada McNeill. Wote watatu walitoka katika familia ambazo hazikusema lugha ile nyumbani. Walijifunza wakiwa wakubwa, kwa kuketi na wenye kuijua. Na sikukuu yao inafanyika hata leo.

Hawakungoja mradi wala pesa ya wafadhili. Walianza na mkutano, kama sisi tunavyoanza likelemba.

Kazi yetu ya mwezi huu

Nimeongea na kamati, na tumekubaliana tuwapendekezee vikundi vyote mambo matatu:

1. Kila kikundi kichague mahali pamoja karibu: kilima, chemchemi, soko la zamani, mti wa mikutano, makaburi. Mwende pale na watoto siku moja ya mapumziko, mkitembea kwa miguu. Mchukue maji na chakula, na mwende mahali penye usalama tu. Wasiweze kupanda, wangojewe.

2. Mmwite mama mzee mmoja anayepajua mahali hapo. Mmwulize panaitwaje na kwa nini, nani alikaa hapo, nini kilitokea. Msimkatize, na msimsahihishe.

3. Binti mmoja anayejua kuandika aandike yote katika daftari, pamoja na tarehe na jina kamili la mzee. Jina lake mwenyewe, si "Mama Fulani". Akisema mambo mazito ya vita au ya mwili wake, mwulizeni kwanza kama anataka yaandikwe. Akikataa, funga daftari. Yeye ndiye atachagua kama jina litajwe au lifichwe, si sisi.

Daftari la kila kikundi litabaki kwa katibu. Kidogo kidogo tutachapisha hapa yale mtakayoruhusu.

Nilitaka kumaliza hapo. Lakini jana usiku binti yangu alinipigia simu, mtoto akainyang'anya. Akasema mwalimu amemruhusu aongee tena juu ya Kongo, safari hii dakika tano nzima, na anatayarisha karatasi. Akaniuliza: "Koko, mama yako aliitwa nani?" Nikamwambia. Akaandika, nikasikia kalamu. "Na mama wa mama yako?"

Nikafungua kinywa, nikakuta sina jina. Nilimjua mimi mwenyewe, huyo mama. Alinibeba mgongoni, alinifundisha kuchambua maharagwe gizani kwa vidole. Lakini kwetu kila mtu alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mpaka siku ya kumzika. Nimewapigia ndugu zangu watatu, hakuna anayejua.

Kuna shangazi mmoja bado yuko hai, upande wa Walungu. Siku ya yenga naondoka mapema kwenda kumwuliza. Anasikia kidogo tu siku hizi, na kilima cha kwake ni kirefu. Daftari nimeshanunua.